Jacob Mziba Matundu na Mgongo wa Bibi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, Ukasha Mdoe, mtoto wa shangazi yake marehemu, na kwa kuwa kwetu mabinamu ni watani, mtanivumilia, maana mtani hanyamazi hata msibani.

Marehemu Jacob Matayo alizaliwa Hale tarehe 9 Mei 1981, na shingo yake ilipokaza tu, mimi nilishushwa mgongoni kwa bibi yetu Rhoda, akapandishwa yeye, na tangu hapo sikurudi.

Alisoma shule ya msingi Hale hadi 1995, akaendelea na sekondari Korogwe, kote akiongoza, mimi nikiongoza maigizo, kisha akahitimu shahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2005.

Mwaka 2008 alifungua ofisi Handeni, karibu na stendi, na kuanzia 2015 aliungana na wataalamu wa nchi nyingine kutunza kipande cha programu ambacho programu nyingi hukiazima kusomea mafaili, kazi yake ikiwa kutafuta matundu ambayo mwizi angepitisha faili bovu akaingia, na kuyaziba. Mimi nimejaza kumbi Korogwe na Handeni kwa vichekesho vyangu, lakini bibi akiulizwa habari za wajukuu, alianza na huyu ambaye kazi yake haionekani hata kwa miwani.

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na Stefania wa Kwamndolwa, wakajaliwa Joyceline na Matayo. Mshereheshaji nilikuwa mimi, walioshangiliwa wakawa wao.

Mwaka 2021 aliniomba chochote nilichoandika ovyo ajaribie programu ile, nikampa mchezo wangu niliouchapa kwenye simu, mabano ndani ya mabano, mengi sikuyafunga, programu ikaanguka, ikazima palepale. Jacob, ambaye hakuwahi kucheka ukumbini kwangu, alicheka mpaka akakaa chini, akasema nimegundua tundu, kisha akanikataza kulisema jukwaani, maana kwao tundu halitangazwi kabla halijazibwa, wezi wasiwahi. Nikakaa kimya, mimi huyu! Lilipozibwa akaenda mwenyewe kumweleza bibi kwamba aliyeligundua ni Ukasha, na bibi akasema, "Kumbe! Yaani Ukasha kaharibu, Jacob wangu katengeneza?"

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa huku akiendelea kuziba matundu kitandani, hadi alipofariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Hale na Kwamndolwa, na wenzake wa kazi, waliotuma rambirambi kutoka nchi ambazo bango langu halijafika hata moja. Na umati huu, Jacob, sijawahi kuupata, tena umeujaza bila kusema neno.

Tangu juzi bibi hataki kushikwa mkono na mtu mwingine ila mimi, nafasi niliyoigombea maisha yangu yote, na leo nimeipata na siitaki. Pumzika kwa amani, mtani wangu. Ungeamka, ningeshuka mwenyewe.