Magari ya Jumapili ya Fundi Elimringi

Ndugu, jamaa na majirani, fundi Elimringi Yoramu Njau, tunayemlaza leo Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2005, alizaliwa kwenye kihamba hikihiki, shamba la migomba la ukoo wetu, hapa Kidia, Old Moshi, tarehe 14 Machi 1938. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Yoramu na Mama Yuditha.

Shule alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1951. Mara nyingi mwalimu alimkuta njiani, amelala chini ya lori la kahawa lililoharibika. Mama yake alifua sare zenye oili mpaka akachoka, akasema, "Huyu apelekwe hukohuko kwa magari."

Mwaka 1956 aliajiriwa mjini Moshi, kwenye gereji ya familia ya Bwana Pravin, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 7 Desemba 1963 alifunga ndoa na Aikande. Mama huyu alijua ng'ombe; magari kwake yalitofautiana rangi tu.

Mwaka 1987, huku kwetu matangazo ya televisheni bado, Bwana Pravin alianza kuletewa kanda za video na dada yake Sharda aliyekuwa Uingereza. Zilikuwa za vipindi vya magari. Vipindi vile vilikuwa na adabu yake. Mtu mzima mwenye tai alisimama kando ya gari, akakaa ndani, akatoka, akafungua boneti, akajaribu kama masanduku yanaingia kwenye buti. Jumamosi, kazi ikiisha, Elimringi alipunguza sauti ya video, akawaeleza wenzake kwa Kichagga.

"Fundi, huyo bwana hakusema hivyo," Pravin alimwambia.

"Lakini ndivyo ilivyo, Bwana Pravin."

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, magari ya kila aina yakaingia Moshi, na mengine tayari alikuwa ameyaona kwenye kanda. Alipostaafu, Bwana Pravin alimpa televisheni, deki na kanda zote. Tunamshukuru sana. Kila Jumapili baada ya ibada sebule ilijaa majirani, na Elimringi akisimulia.

Mwaka 2001 presha ya macho ilimpofusha. Giza alilivumilia, kilichomuuma ni sebule kuwa tupu. "Sasa nitawaeleza nini?" alisema, na Jumapili akawa hatoki chumbani. Aikande ndiye aliyemshika mkono, akamketisha mbele ya televisheni, akaanza yeye kumsimulia.

Mtoto wao Jesse alileta dishi kutoka Dar, baba apate vipindi vipya. Navyo vimebadilika. Vijana wanapiga kelele, matairi yanatoa moshi, picha inaondoka kabla Aikande hajafungua kinywa.

"Mama Jesse, wanafanya nini?"

"Wanacheka."

"Na gari?"

"Wamelitupa mtoni."

"Lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa jekundu."

Mzee alicheka mpaka akaomba leso. Hakuwalaumu vijana. Alisema vile vya zamani ni vya mtu anayetaka kununua gari, hivi ni vya mtu aliyechoka na kazi, na wote wanahitaji kuangalia kitu. Ila wakarudi kwenye kanda, maana zile zilikwenda kwa mwendo wa Aikande.

"Amekaa. Magoti yamegusa."

"Basi hilo ni la wafupi."

Majirani wakarudi, sebule ikajaa tena.

Mwezi Mei mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Jumapili iliyopita, mchana, umeme ulikatika katikati ya kanda. Aikande alimwona mzee anavyosikiliza, akaona asimkatishe, akaendelea: anafunga boneti, anaingia, anateremka na barabara, migomba huku na huku.

"Migomba, Uingereza?"

"Amefika kwetu."

Mzee akauliza, "Umeme umekatika tangu lini?"

"Kitambo."

"Basi endelea, mama Jesse. Mwambie apunguze mwendo pale darajani."

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Oktoba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Aikande.

Ameacha mjane, Aikande, watoto wanne, Jesse, Mektrida, Primus na Kindness, wajukuu tisa, na mdogo wake Ebenezeri, anayewasomea haya. Tunamshukuru Mungu kwa miaka yake, na kwa mama aliyemwonesha magari hadi mwisho.

Daraja amelivuka, na kwa mwendo wa taratibu. Bwana ampumzishe kwa amani.