Shamba la Mbuchi Ambalo Bi Thuwaiba Hakulisaini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, afisa ugani wetu Bi Thuwaiba Sadala anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwahudumia wakulima wa Kibiti na Delta ya Rufiji. Ofisi imemwandalia pilau na saa ya ukutani, zawadi muhimu sana kwa mtu asiye na pa kuwahi tena.

Aliajiriwa mwaka 1995, akapewa baiskeli na ahadi ya pikipiki. Baiskeli ilikufa mwaka 2003. Ahadi bado nzima.

Wengi tutamkumbuka kwa mambo ya korona. Mwaka ule malori ya Dar yaliacha kufika kijijini Mahege, machungwa yakaozea chini ya miti, ndipo yakatangazwa malipo ya nafuu kwa wenye mashamba ya matunda. Mkulima alitakiwa kujaza fomu ya kurasa kumi na mbili tu, pamoja na barua pepe yake na picha ya geti la shamba. Bi Thuwaiba alipita nyumba kwa nyumba akiwajazia. Bi Nasma, mjane mwenye michungwa sitini, alishangaa: "Geti la nini, mwanangu, na shamba halina hata ua?" Akapigwa picha mlangoni pa banda la kuku.

Orodha ya walipwaji iliporudi, Mahege nzima haikuwamo. Lilikuwamo shamba la michungwa la ekari mia mbili huko Mbuchi, ndani ya Delta, mali ya mheshimiwa mmoja ambaye tunamheshimu kiasi cha kutomtaja. Ilibaki saini ya afisa ugani. Mkuu wetu wa wakati ule alimbembeleza: "Saini, dada, usitukwamishe." Akajibu, "Nitasaini nikiliona."

Wakaja wakaguzi watatu. Akawapeleka kwa boti mpaka pale palipoandikwa kwenye fomu. Palikuwa na mikoko, tope na kaa, na maji yanajaa. "Karibuni shambani," akasema, akatangulia kushuka, maji yakamfika magotini. Mkaguzi mkuu alimfuata. Kiatu chake cha kushoto kimebaki kule hadi leo, na ndicho kitu pekee kilichowahi kupandwa pale. Alipouliza machungwa yako wapi, Sharifu, mwendesha boti, alimjibu kwa adabu zote: "Labda kaa wameyamaliza, bwana."

Shamba likafutwa, orodha ikaandikwa upya, Bi Thuwaiba akapewa barua ya onyo kwa kuwalowesha wageni wa ofisi.

Malipo yalifika Mahege baada ya miaka miwili, barakoa zimeshageuka vitambaa vya kufutia meza. Bi Nasma alikuwa ameshakata nusu ya michungwa yake akachoma mkaa, apate kula. Bi Thuwaiba alimpelekea habari mwenyewe, wakakaa kati ya visiki. Hilo, ndugu zangu, hatulifanyii mzaha. Mwaka uliofuata walipanda pamoja miche thelathini. Imeanza kuzaa.

Wiki iliyopita iliwasili barua ya kumpandisha cheo, aliyoiomba miaka kumi na minne iliyopita. Cheo kinaanza tarehe 1 Julai. Aliisoma mara mbili, akacheka hadi machozi.

Bi Thuwaiba, wakulima wanakushukuru kwa kauli moja. Ofisi nayo inakushukuru kwa maandishi, yatakayokufikia yakishapitishwa. Mola akujaalie afya njema na uzee wa raha.