Mazishi ya Nesta Hayakuonekana Itumba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye chai aimalize kwanza, maana leo nina kinyaa na sitaki kumharibia mtu.

Tunamkumbuka Nesta Sichone. Amefariki akiwa na miaka arobaini na tisa, kwa shinikizo la damu. Tumemzika hapa Tunduma, nyumbani kwa mumewe, Clever. Nesta Sichone, binti wa Itumba kule Ileje. Wengi mlimwita Mama Diski.

Kazi yake ilikuwa hii. Unakuja na video kwenye simu au flashi. Harusi, kipaimara, msiba. Video hiyo imebanwa ili ienee kwenye simu, na deki ya mzee wako kijijini haiielewi. Nesta anaibadilisha kwenye kompyuta iwe katika mfumo ambao deki inausoma, ndipo anachoma diski. Kazi hiyo humchukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Halafu anaijaribu kwenye deki kuukuu ya pale dukani. Anatazama mwanzo, anatazama katikati, anatazama mwisho. Ukimhimiza anakwambia, "Baba, bibi yako kule hana fundi. Kaa hapo kwenye benchi."

Tulikaa. Tulinuna, lakini tulikaa.

Kuna dada mmoja wa Mbozi, Violet, alifika kwake na diski ya mazishi ya baba yake. Ilichomwa kwenye kibanda kimoja, haichezi. Aliambiwa deki yake imechoka. Akanunua deki nyingine. Haichezi vilevile. Nesta alipoichungulia kwenye kompyuta, alitoka nje akatema mate. Wale watu walichukua faili la simu wakalitupia kwenye diski jinsi lilivyo. Dakika tano, mteja aende zake. "Wanamdanganya mfiwa," alisema Nesta. "Mfiwa! Hata fisi anangoja mtu azikwe kwanza."

Sasa nifike pale panaponichefua mimi.

Mama yake Nesta, Bibi Enesi, yuko Itumba. Amevunjika nyonga, hakuweza kusafiri kuja kumzika mwanaye. Kioo cha simu hakioni. Anaona televisheni tu, tena akisogezwa karibu. Na tangu apewe taarifa hakutoa chozi. Alisema hivi: "Nesta wangu hajafa. Nitaamini nikiona jeneza lake." Kwa hiyo kamati ya msiba ikaamua mazishi yarekodiwe, na bibi apelekewe diski.

Flashi yenye video hiyo akapewa katibu wa kamati aishughulikie. Katibu huyo ni mimi, Ferdinand, sauti hii mnayoisikia.

Hiace ya Itumba ilikuwa inajaza abiria. Clever, mwenye funguo za duka la Nesta, alikuwa na wageni waliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, nikaona nisimsumbue. Nikaingia kwenye kibanda cha jirani. Jamaa ana ndevu nyeupe kama mimi, si mtoto. Dakika tano, diski hiyo mkononi. Nikamuuliza, "Itacheza?" Akanijibu huku anakula muhogo, "Isipocheza, deki yao mbovu." Wasikilizaji wapendwa, nilikijua kibanda kile, ndicho cha diski ya Violet. Nilimjua mtu yule. Nikaipokea, nikampa dereva, nikajisifu kwenye kamati kwamba kazi imekwisha. Nikikumbuka ninajichukia, nasema kweli.

Kaka yake Nesta, Lusubilo, alinipigia kesho yake. Nitawasomea maneno yake kama nilivyoyaandika.

"Kaka Ferdinand, tulimwogesha mama, tukamvika kitenge kizuri. Majirani wamejaa ndani, mchungaji ameomba. Tumeweka diski, deki inasema hakuna kitu. Tumeitoa, tumeipangusa, tumerudisha. Hakuna kitu. Jirani akasema deki imekufa. Tukaweka diski ya harusi ya ndugu yetu Goodness, aliyoitengeneza Nesta mwenyewe miaka ile. Ikacheza vizuri. Hapo mama akalia, kaka. Akasema, 'Basi ni kweli. Angekuwepo, isingetoka dukani hivi.'"

Bibi Enesi, pole. Bwana Clever, pole sana. Lusubilo na ukoo wote, wa Ileje na wa ng'ambo ya mpaka, poleni. Mungu amlaze Nesta pema.

Nawe unayesikiliza, fundi, karani, mtangazaji, yeyote: kuna mtu mahali fulani ambaye hawezi kukurudia na kazi yako mbovu. Yuko mbali, mzee, hana nauli. Mfikirie huyo. Usimfanyie uchafu niliomfanyia mimi bibi huyu.

Juzi Clever alifungua duka la marehemu. Tumebadilisha video ile upya, saa mbili na nusu, nimeitazama mwanzo, katikati na mwisho. Inacheza. Nikampigia Lusubilo kumwambia kwamba nitaipeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Akaniomba ningoje amuulize mama. Aliporudi kwenye simu akasema, "Mama anashukuru. Anasema usijisumbue kaka, alikwisha kuona."