Kichwa na Mkia wa Danggui

Nakiri, Mola anisamehe: mama yangu alitokwa damu puani kwa mkono wangu, nami nikaja kijiweni kujisifu kwamba dawa imemkolea. Kijiwe chetu ni benchi la nje ya bucha ya Bwana Ma, tunayemwita Mafuta, hapa Kangle, Uchina, tunapokunywa chai ya kunazi baada ya swala ya alasiri. Mama ana miaka themanini na mbili, na tangu baridi ianze hapati joto. Tabibu wa mitishamba alisema supu ya kondoo, tangawizi na vipande vitatu vya mzizi wa danggui. Mimi nikatia kumi.

— Damu imetoka, sawa. Na miguu? aliuliza Mafuta.

— Barafu, ndugu yangu.

— Basi kosa ni nyama. Ulinunua kwa nani?

— Kwako.

— Aa. Basi kosa ni mzizi.

— Kosa ni mkato! alidakia Sha, tunayemwita Profesa ingawa aliishia darasa la nne. Kichwa cha danggui hupandisha, mkia hushusha. Umempa vichwa, joto limetokea puani. Mpe mikia, lishuke miguuni.

— Changanya na mkia wa kondoo, akasema Mafuta. Mikia miwili, litakataaje kushuka?

— Na likipitiliza?

— Mvishe soksi mbili, lizuiwe humo humo, alisema Profesa bila hata kucheka.

Xiulan, mkwe mpya wa Mafuta, alikuwa akitujazia maji ya moto.

— Samahani, baba zangu. Bibi analala wapi?

Profesa akamtazama Mafuta. Mafuta akanitazama mimi.

— Kitanda chake cha matofali hakiwashwi moto chini? akaendelea.

— Kinawashwa, mwanangu.

— Sasa?

— Kina danggui yangu. Naikausha, niiuze.

Tangu mavuno, mizizi yangu imelala penye joto, naigeuza mara tatu kwa siku isiungue. Mama nimemlaza stoo, juu ya mbao.

Nilirudi mbio nikakifagia kitanda. Mama alipopanda aliuliza jambo moja tu:

— Mwanangu, mizizi yako sasa utaianika wapi?

Wewe unayenisikiliza, nakuomba: ukinikuta kijiweni nazungumzia dawa ya mama, niambie niende nyumbani.