Hilda Ndelilio, Fundi Aliyeuliza Kompyuta Inavaa Nini

Tarehe 30 mwezi huu wa sita, Bi. Hilda Ndelilio anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na sita. Wateja wengi wa Moshi mjini wanamwita Mama Hilda, na baadhi yao hawajui kama duka hili lina jina jingine. Wakielekezana husema tu, "Peleka kwa Mama Hilda."

Ni mzaliwa wa Mwika. Alikuja hapa akiwa fundi wa redio, na mwenye karakana, Mzee Dhirendra, anasema alimwajiri kwa sababu moja: "Wengine walianza kufungua. Huyu alianza kuuliza." Kutoka redio alihamia televisheni, na kompyuta za mtumba zilipoanza kuingia majumbani alijifunza nazo, moja baada ya nyingine, mpaka meza ya pembeni karibu na dirisha ikawa yake.

Kanuni yake tunaijua sote kwa sababu ametuimbia kila wiki: badilisha kitu kimoja, kisha subiri. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hata mashine ikipona hujui kilichoiponya, na itakurudia. Kwa watu alikuwa hivyohivyo. Sisi wenye watoto wachanga tukiingia kazini na macho mekundu, hakuuliza kwa nini tumechelewa. Aliuliza mtoto amelala saa ngapi, akamimina chai. Ila kazi ikiwa mbovu aliirudisha palepale, chai yako ikiwa bado mkononi.

Kati ya kazi zake zote, ile ambayo karakana haitaisahau ni ya kompyuta ya Kibosho.

Mwenye kompyuta ni Justina, mama wa watoto wawili. Anaandaa kadi na ratiba za sherehe nyumbani kwake, kwa kompyuta ya mezani na printa ndogo. Kipaimara cha parokia kilikuwa kinakaribia na alikuwa amepokea kazi ya familia nyingi. Kompyuta ikaanza kujizima na kuwaka yenyewe katikati ya kazi. Anachapa majina, giza, inawaka, majina hayapo. Mumewe, Valerian, alishasema neno lake: ikiendelea hivyo inauzwa, anunue ndama. "Ng'ombe hajizimi," alisema. Kwa Justina ile haikuwa mashine tu. Ilikuwa kazi pekee anayoweza kuifanya huku mtoto akinyonya, na alilisema hilo mapokezi bila kuficha uso.

Mama Hilda aliipokea mwenyewe. Alitoa vipande vya ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, kimoja kimoja, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akavirudisha kwa zamu. Akapuliza vumbi, akatazama feni zote kama zinazunguka. Akaiacha imewaka mezani kutwa nzima. Haikujizima hata mara moja. Justina akaenda nayo akishukuru, na baada ya siku chache akarudi nayo na ugonjwa uleule.

Safari ya pili Mama Hilda alishuku pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, maana ikichoka kompyuta hukata bila kuaga. Akafunga nyingine aliyojua ni nzima. Kompyuta ikafanya kazi vizuri sana. Kwetu. Ilipofika Kibosho ikaanza mchezo wake.

"Mama, hii ina mapepo ya kihamba, ya shamba la mababu," alisema fundi mwenzake, Wilson. "Inataka padri, siyo bisibisi."

"Padri naye ataniuliza kama nimeangalia joto," Mama Hilda akamjibu.

"Umeangalia?"

Hakuwa ameliangalia vya kutosha, na sababu yake ingemponza mtu yeyote wa huku kwetu. Mjini tunachemka. Kibosho, juu mlimani, asubuhi watu wanatembea na masweta ndani ya ukungu. Kompyuta iliyovumilia joto la Moshi mjini, joto la Kibosho litoke wapi? Alilifuta hilo siku ya kwanza, akaendelea na mengine.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaifunga kompyuta kwa kamba nyuma ya bodaboda, akapanda nayo mlima kwa ile barabara ya mawe. Yaliyotokea huko tumeyapata kwa Justina, maana Mama Hilda mwenyewe akifika hapo hucheka mpaka anashindwa kusimulia.

Aliipanga sebuleni mahali pake pa siku zote, Justina akawasha, akaanza kuchapa. Ndipo mama mkwe wake, Bibi Monica, alipoingia kutoka jikoni na koti la kompyuta. Koti kweli: amelifuma kwa uzi mzito mwekundu, na ua jeupe mbele, limekaa sawasawa juu, ubavuni na nyuma. Kila siku alilivisha yeye, ili mashine isipate umande wala moshi wa jikoni. Kila ilipoletwa mjini, koti lilibaki nyumbani lisichafuke njiani. Hakuna aliyelitaja kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni jambo.

Mama Hilda angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alimwamkia shikamoo, akapokea bakuli la mtori, ile supu ya ndizi, akamwacha avishe. Justina akaendelea kuchapa. Mtori ulikuwa haujaisha, kioo kikawa cheusi, kompyuta ikawaka upya.

"Sasa tuivue, mama," Mama Hilda akamwambia bibi. "Tuisubiri tena."

Wakaivua, wakaiacha ipoe, wakawasha. Justina alichapa majina ya watoto wa jumuiya nzima. Haikukata. Mama Hilda akaomba wavishe tena, kwa sababu mara moja kwake siyo ushahidi. Ikakata.

Akamshika Bibi Monica mkono, akauweka nyuma ya mashine, panapotoka upepo wa feni.

"Mbona inapumua moto?" bibi akauliza.

"Ndiyo pua yake hiyo. Ikizibwa inachemka, ikichemka inajizima isiungue."

Bibi akalivua koti mwenyewe. "Basi nimekuwa nikiikaba."

"Ulikuwa unaitunza, mama. Mwenye kosa ni mimi. Nilisema Kibosho ni baridi, nikaishia hapo. Sikuuliza nyumbani inavaa nini."

Valerian alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliuliza kama ndiyo imekwisha, haihitaji kifaa chochote. Akaambiwa haihitaji. Alikuna kichwa, akasema basi ndama asubiri.

Kadi za kipaimara zilitoka zote, kwa wakati. Mama Hilda aliporudi aliifunga tena ile pawa saplai ya zamani, ambayo haikuwahi kuwa na ubaya wowote, na tangu hapo kila kompyuta inayojizima ikifika mapokezi tunauliza kwanza: nyumbani inakaa wapi, na inavaa nini? Wateja wanacheka. Tumekwisha kukuta moja ndani ya kabati, nyingine imesukumwa ukutani nyuma ya gunia la mahindi, na moja iliyokuwa imevalishwa kanga ya mama wa nyumba.

Nasema haya kwa upole, ila nayasema. Tunaobaki tusije tukawa watu wa kubadilisha vifaa ili mteja aondoke haraka. Huyu mama alikubali kuonekana amekosea sebuleni kwa watu kuliko kumrudishia Justina mashine ambayo haijapona. Wilson ameshaikalia ile meza ya dirishani, na juzi nimemsikia akimwambia mteja asubiri, anabadilisha kitu kimoja kwanza. Tutaweza.

Ratiba hii ya sherehe ya kumuaga unayoisoma, msomaji, imechapwa Kibosho. Justina ameitengeneza kwa kompyuta ileile, akaileta mwenyewe jana na mtoto mgongoni, akakataa hata kusikia habari ya malipo. Siku hizi majirani zake wawili wanajifunza kazi kwake.

Mama Hilda, asante kwa uvumilivu wako, kwa chai, na kwa kazi ulizoturudishia tuzirudie. Migomba na kahawa ya Mwika imekusubiri vya kutosha. Nenda ukaishi vyema, mwili mzima na moyo mweupe, na Mungu akuongezee miaka mingi ya kuwa na wajukuu zako.

Elinipendo, mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote