Felisian Kasmiri na Raundi Iliyobaki

Ndugu na majirani, marehemu Felisian Kasmiri alizaliwa Kiegei tarehe 4 Machi 1926, mtoto wa pekee wa marehemu mzee Kasmiri na mama Teodosia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka mwaka 1941 akijua kusoma, kuandika, na kuendesha baiskeli ya katekista kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, maana kiti hakukifikia.

Mwaka 1948 aliajiriwa na mradi wa karanga, Nachingwea, kuwa tarishi. Wafanyakazi walisawazisha kiwanja cha mviringo kwa trekta, na Jumapili vijana walishindana kwa baiskeli, wawili wawili, bila malipo ila sabuni na makofi. Aliyeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye bingwa. Felisian hakupata wa kumtoa jasho mpaka alipokuja Saadi Kaimu wa Ruangwa, mtani wake kwa ukoo.

Walikutana tarehe 3 Desemba 1950. Raundi ya kwanza alishinda Felisian. Ya pili waliianza, kama ilivyo ada ya mbio hizo, kwa kunyemelea polepole, kila mmoja akimvizia mwenzake afyatuke. Mama Teodosia, ambaye hakuwahi kuziona, alidhani mwanawe kaishiwa nguvu. Akaingia kiwanjani na kibuyu cha uji. "Huyu hajala tangu asubuhi," akawaambia watu. Felisian akasimama, maana mtu hampiti mama yake. Saadi akamaliza peke yake, lakini ushindi akaukataa.

"Mimi sijamshinda. Kashindwa na uji. Tumalize ya tatu."

Kabla hawajajipanga, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, kiwanja kikawa tope.

Mwaka uliofuata mradi ulianza kufungwa. Saadi akaenda Tanga kukata mkonge. Felisian alihamia Ruangwa, akawa fundi baiskeli sokoni, na kila aliyeshuka kwenye lori alimuuliza habari za Saadi. Tarehe 11 Julai 1953 alimwoa Albina. Mpaka leo Albina husema, "Huyu alikuja Ruangwa kumngoja Saadi, mimi akanikuta njiani." Alimpenda sana mkewe, na mkewe alijua. Lakini jioni, kazi ikiisha, alipanda baiskeli hadi njia panda ya Lindi, akatazama barabara, akarudi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1957. Saadi aliporudi Juni mwaka huu, alimkuta kitandani. Felisian alitaka washindane siku ileile.

"Pona kwanza," Saadi akamwambia, "nisije nikasemwa nimemshinda mgonjwa."

Basi tukangoja apone. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba 1958.

Jana Saadi alikuja msibani kufanya kazi ya mtani, kutuchekesha. Akaisimamisha baiskeli yake mlangoni. "Mwambieni atoke," akasema, "mimi nimeshajipanga." Tukacheka, kama desturi. Mtani halii msibani, lakini Saadi alilia mpaka mama Teodosia akamkalisha mkekani.

Marehemu ameacha mama yake Teodosia, mjane wake Albina, watoto wawili Magreti na Selestini, na Saadi Kaimu, ambaye familia imeamua ahesabiwe miongoni mwa wafiwa. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.