Vidonge Vilivyorudishwa Mwaka wa Vyeti

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mtendaji wa Kijiji. Mchungaji Dieudonne, uliyetufungulia kwa sala. Tabibu Dorice, unayepokea funguo za zahanati leo. Wakwe zangu wa hapa Katumba, mlionipa mke mimi Mfipa niliyekuja na begi moja. Na nyie wote mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake na kwa heshima yake.

Risala imesema mengi mazuri. Imesema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja Tabibu Method hakumrudisha mgonjwa yeyote mikono mitupu. Ndugu Katibu, umeisoma vizuri, na jambo hilo ni kweli. Dawa za presha zilipokuwepo niliwapa dawa, na zilipokwisha niliwapa maneno. Niliwaambia, presha inaletwa na mawazo, nendeni mkapunguze mawazo. Nani kati yenu sikuwahi kumwambia hivyo? Yalikuwa maneno rahisi, hayakuhitaji kusubiri gari la kutoka Mpanda, na nyie mliyashika kuliko yote niliyowafundisha, kuliko kuchemsha maji, kuliko chandarua.

Na mawazo mlikuwa nayo. Watu wamelima hapa tangu walipoingia wakiwa wakimbizi mwaka sabini na tatu, wamezaa hapa, wamezika hapa, halafu wanakaa miaka wakisubiri karatasi ya kuwaambia kama wao ni wa hapa. Wasiwaze kwani wana mioyo ya mawe? Kila aliyekaa kwenye benchi langu na kipimo kikapanda, alisema, "Muganga, ni hivi vyeti vya uraia." Nami niliitikia kwa kichwa.

Kisha vyeti vikaja. Mnaikumbuka wiki ile, vigelegele na ngoma, kwaya zikaimba hadi sauti zikakauka. Jumatatu yake nikafungua zahanati nikakuta foleni ambayo sijapata kuona mfano wake: watu wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja ameshika kipakiti cha vidonge. Walikuja kuvirudisha. Mzee Apollinarie ndiye aliyetangulia, akaniambia, "Muganga, mawazo yameisha. Hivi wape wenye shida." Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kukaa na kitu cha serikali asichokihitaji. Walikuwa kumi na mmoja.

Mnajua nilifanya nini? Nilivipokea. Kabatini hapakuwa na kidonge cha presha hata kimoja mwezi ule, nikavipokea kwa mikono miwili, nikasema Mungu awabariki. Sikumpima hata mmoja. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mke wangu Épiphanie, huyu mnayemwita Mama Jonas, aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama. Alikuwa anacheka. Nikamtania, nikamwambia, sasa wewe ni raia, presha umeiacha ukimbizini.

Ndugu zangu, mishipa ya damu haisomi vyeti. Damu iliendelea kuigonga, na watu wakaendelea kuvuna na kuozesha mabinti wakijiona wazima kabisa, maana presha haiumi. Apollinarie alianguka kwenye bani akikausha tumbaku, akafa hatujapata gari. Josephina, mke wa Baltazari, moyo ulichoka, miguu ikamvimba, akawa analala ameketi mpaka alipokwisha. Msimu wa pili wa tumbaku ulipomalizika, sita katika wale kumi na mmoja tulikuwa tumeshawazika. Na Épiphanie kiharusi kilimpata kanisani, katikati ya ubeti. Neno lilimkatikia mdomoni, wenzake wakadhani amesahau. Hajaimba tena.

Tangu hapo nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiyafuta maneno yangu. Nimesema kidonge ni cha kila siku, hata siku ya harusi, na kwamba presha haina habari na furaha yako. Mnanisikiliza, mnanikaribisha ugali. Halafu tumbaku inapata bei, mtoto anafaulu, na kidonge kinaachwa. Wiki iliyopita nilimpima Silvester, na ninamtaja kwa ruhusa yake: mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Namuuliza dawa ziko wapi, ananijibu, "Nimempa shemeji, Muganga. Mimi binti yangu ameshaolewa, sina mawazo." Yuko pale safu ya tatu, anatabasamu. Silvester, sikulaumu. Hayo ni mafundisho yangu mimi.

Tabibu Dorice, nakukabidhi funguo, kipimo, na watu wema wasioamini kwamba mtu mwenye furaha anaweza kuwa mgonjwa. Desturi inataka nikupe ushauri. Nilikuwa nao mmoja, na ndio uliowaua. Nasema mbele ya Mchungaji kwamba nimekata tamaa, na mbuzi mliyenizawadia hawezi kuniondolea hilo.

Kabla sijaketi, naomba kitu kimoja. Kwenye daftari ninaloliacha kuna watu hamsini na wanne wenye presha, na karibu wote nawaona hapa. Aliyemeza kidonge chake asubuhi hii, siku hii ya sherehe, anyooshe mkono.

Nangoja.

Naona mmoja. Ni wa Épiphanie, hapa mbele, na ni wa kushoto. Wakwe zangu, msimwone amekosa adabu. Wa kulia haunyanyuki. Na huyo kidonge nilimmezesha mimi.

Basi, kwa risala, kwa mbuzi na kwa miaka tuliyokaa pamoja, nawashukuru. Na kwa kunisikiliza, leo na miaka ile, asanteni.